Homa ya Mwenye Poti Haingoji Kesho

Katika ukurasa wetu wa nyumbani mmezoea kukuta habari za malezi, mapishi, ushonaji na matumizi ya fedha za mwezi. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya kitu kisichozidi sana ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, ambacho mdogo wangu wa kike alikaa nacho kifuani, chini ya ngozi, kwa muda wa miezi sita. Madaktari walikiweka ili kimsaidie kupona, na kwa kweli kilimfaa sana. Hata hivyo kitu hicho hicho kilikaribia kumwua, wala sababu haikuwa ubaya wake, bali ni namna kilivyoshikwa na mikono ya watu. Naandika kwa kuwa miongoni mwenu wamo waliokwisha kuwekewa kitu kama hicho, na wamo wanaomwuguza mwenye nacho. Tena wamo askari wanaosimama penye malango ya mipaka, ambao siku yoyote mgonjwa wa namna hiyo aweza kufika mbele yao akitetemeka kwa homa.

Wauguzi wa Goma na Gisenyi waliosomea Kifaransa hukiita kwa jina lenye maana ya chumba, na waliosomea Kiingereza hukiita poti. Mimi nitatumia neno poti. Ni kijisanduku cha madini ya titani au plastiki ngumu, chenye kifuniko kinene cha silikoni ambacho huweza kuchomwa sindano mamia ya mara bila kuvuja. Kijisanduku hicho huunganishwa na mrija mwembamba na mlaini uitwao katheta, nao hupenyezwa katika mshipa mkubwa wa shingoni au ulio chini ya mtulinga, mpaka ncha yake ifike karibu na moyo, mahali ambapo damu ni nyingi na yaenda kasi. Daktari hupasua ngozi kidogo, hukiweka na kushona. Jeraha likipona hakionekani kitu ila kiuvimbe kidogo juu ya kifua. Tangu hapo dawa hupitia hapo, na mgonjwa hahitaji tena kuchomwachomwa mikononi kutafuta mshipa.

Zamani kupenyeza mrija mpaka moyoni kulihesabiwa kuwa wazimu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, daktari kijana wa Kijerumani aliyeitwa Werner Forssmann alijipenyezea mwenyewe katheta kupitia mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha eksirei apigwe picha. Wakubwa wake hawakupendezwa, lakini mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1952 daktari Mfaransa Robert Aubaniac alieleza njia ya kuufikia kwa sindano mshipa ulio chini ya mtulinga. Mwaka 1982, nchini Marekani, John Niederhuber na wenzake walitangaza habari za wagonjwa wa saratani waliowekewa poti iliyofichwa yote chini ya ngozi. Basi jambo lililoonekana wazimu likawa kazi ya kila siku katika hospitali kubwa za dunia.

Wale wenye kuvaa magwanda watastaajabu kusikia kwamba dawa zenyewe zipitazo ndani ya poti zina ukoo na silaha. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walishiriki katika kazi ya kumtibu mgonjwa wa saratani ya tezi kwa dawa iliyo jamaa ya gesi ya haradali, ile sumu ya Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Kijerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia, na meli moja ya Marekani iliyobeba kwa siri mabomu ya gesi hiyo ikalipuka. Madaktari waliowachunguza majeruhi waliona kwamba chembe nyeupe za damu zimepungua mno. Ilionekana kwamba sumu yenye kuua chembe zizaazo upesi yaweza kuua na chembe za saratani. Lakini chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Mgonjwa anapopewa dawa hizi, yapata siku 7 mpaka 14 baadaye askari hao huwa wachache sana, na mdudu mdogo ambaye mtu mzima angemshinda bila kujua huweza kumwangusha mgonjwa kwa saa chache. Naomba msomaji ashike neno hili, maana ndilo msingi wa yote nitakayosema.

Mdogo wangu ameolewa Goma, katika mtaa wa Himbi, nami nakaa Gisenyi, mji ambao tangu mpango mpya wa utawala wa 2006 umo katika wilaya ya Rubavu. Kati yetu ipo Grande Barrière, lango lililo kando ya Ziwa Kivu, mwisho wa barabara ya ufukweni yenye miti na nyumba kubwa za zamani. Lango la pili, Petite Barrière, ndilo lenye msongamano wa akina mama wenye mizigo ya mboga, maziwa na unga. Hili letu la ziwani ni tulivu zaidi, na magari madogo hupita kwa wingi. Watu wa pande hizi mbili wameoana, husomesha watoto pamoja na kuzikana. Usiku wa mawingu mepesi wote huona anga jekundu juu ya mlima Nyiragongo, na wote huuliza swali lile lile.

Mwaka 2018 mdogo wangu aliona uvimbe katika titi lake la kushoto. Wakati ule mtu wa Goma mwenye saratani alikuwa na njia chache. Upande wa Rwanda kilikuwapo kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012, na hospitali za Kigali. Tiba ya mionzi ilikuwa haijaanza bado Rwanda, maana ilianza mwaka 2019 katika Hospitali ya Jeshi, Kanombe. Shemeji yangu aliuza kiwanja, ndugu wakachanga, mgonjwa akapelekwa India. Huko alipasuliwa, na dawa za kwanza zikapita katika mshipa wa mkono. Miongoni mwake ilikuwamo ile dawa nyekundu iitwayo doksorubisini, ambayo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama mpaka kidonda kikawa kirefu. Baada ya mara mbili mishipa ya mkono wake ilikuwa migumu kama kamba kavu, na mkono wa upande aliopasuliwa haukufaa kuchomwa. Hapo ndipo walipomwekea poti upande wa kulia, wakampa kadi ndogo yenye jina la chombo na tarehe ya kukiweka, na wakamwambia arudi kwao kumalizia tiba Kigali.

Wengi wa wagonjwa wetu hawana poti. Ni chombo cha gharama, nacho chataka mtu aliyefunzwa. Kwa sababu hiyo aliye nacho hukutana na wauguzi hodari ambao hata hivyo hawajapata kukiona. Mdogo wangu alirudi na sindano kadhaa za namna ya pekee ziitwazo sindano za Huber, ambazo ncha yake imepindwa ili isimegue silikoni. Sindano ya kawaida hukata vipande vidogo vidogo kama mtu achimbaye kwa jembe, hata kifuniko kikaanza kuvuja. Alielezwa pia kwamba bomba la sindano linalosukuma maji ndani ya poti lisiwe dogo kuliko la mililita 10, kwa kuwa bomba dogo lina nguvu nyingi kupita kiasi na laweza kuipasua katheta. Aliyaandika yote katika daftari la shule la mtoto wake.

Mwezi Julai 2019 ulikuwa mwezi wa hofu. Ebola, iliyokuwa imeanza kaskazini zaidi mwaka uliotangulia, ilithibitishwa Goma tarehe 14 Julai, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Penye Grande Barrière kila apitaye aliosha mikono kwa maji ya klorini, kisha akasimama mbele ya mhudumu aliyemwelekezea kipimajoto pajini pa uso bila kumgusa. Mwenye joto aliwekwa kando. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba ukiwa na mafua, meza kwanza vidonge vya parasetamoli ili kipimajoto kisikuseme. Hilo lilikuwa jambo la hatari kwa nchi mbili, na kama mtakavyoona, lilikuwa hatari zaidi kwa mwenye kumeza.

Siku hizo mdogo wangu alikuwa siku ya kumi tangu apewe dawa Kigali. Alikuwa mchovu, chakula hakimpandi. Jirani mwenye huruma akamshauri apewe chupa ya maji yenye vitamini, kama wengi wetu tupendavyo kufanya mtu anapolegea. Walikwenda zahanati moja iliyokuwa karibu. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, alipoona mishipa imekauka akasema, "Mama, hiki kilicho kifuani si kimewekwa kwa kazi hii hii?" Akafuta ngozi mara moja kwa pamba, akachoma sindano ya kawaida. Hakuvaa barakoa, wala glavu zake hazikuwa za kutakaswa. Maji yakaingia vizuri, muuguzi akafurahi. Saa moja haikwisha, mdogo wangu akaanza kutetemeka hata meno yakagongana. Alifunikwa mablanketi matatu, na bado akatetemeka.

Shemeji alisema ni malaria. Simlaumu, maana katika nchi zetu homa ina jina moja. Alileta vidonge vya malaria pamoja na parasetamoli, akasema, "Meza hivi upumzike, kesho tutaona. Na kama wataka kuvuka kwa dada yako, ndiyo uzidi kumeza, la sivyo watakufungia katika hema la Ebola." Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alivishika vidonge vile kiganjani kwa muda mrefu. Alijua kwamba akimeza homa itashuka, atapita lango kama mtu mzima, atafika kwangu, atalala. Alijua pia lililoandikwa katika daftari: joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Aliviweka vidonge mezani. Alinipigia simu akasema, "Yaya," maana ndivyo watu wa Goma wamwitavyo dada mkubwa, "nakuja langoni, na sitaficha kitu."

Nilitangulia kufika upande wetu, nikasimama mahali niliporuhusiwa. Nilimwona anashuka garini, shemeji amemshika kiwiko. Aliosha mikono. Kipimajoto kikasoma nyuzi 39 na zaidi. Watu waliokuwa nyuma yake walirudi hatua nyingi, na mama mmoja akamvuta mtoto wake na kumfunika uso kwa kanga. Mhudumu wa afya akamwuliza yale aliyopaswa kuuliza: ametoka wapi siku 21 zilizopita, amemwuguza nani, amehudhuria mazishi ya nani. Mdogo wangu alijibu kwa sauti ndogo lakini kwa utaratibu, "Sijaenda kaskazini, wala sijaingia katika msiba. Mimi ni mgonjwa wa saratani. Nina poti kifuani, na kadi yake ndiyo hii. Nilipewa dawa siku kumi zilizopita. Leo nimetiwa maji kwa poti, na baridi hii imeanza kabla saa moja haijapita."

Maneno hayo machache yalifanya kazi kubwa kuliko machozi. Mhudumu alikuwa kijana, lakini alielewa kwamba mbele yake kuna mambo mawili, si moja: yupo mtu wa kutengwa mpaka ijulikane hana Ebola, na papo hapo yupo mtu ambaye kila saa ya kungoja yaweza kumgharimu uhai. Alipiga simu kwa daktari akasoma kadi neno kwa neno. Askari aliyekuwa zamu hakumfukuza wala hakupiga kelele. Alileta kiti, akakiweka kivulini mbali na watu, akasema, "Kaa hapa, mama, gari linakuja." Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake na sikuruhusiwa kumgusa. Sijapata kuona hatua ishirini zilizo ndefu namna ile.

Alipelekwa katika chumba cha kutengwa, na wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga wakachukua damu yake mara mbili, chupa moja kutoka katika poti na nyingine kutoka mkononi. Hawakungoja majibu. Walianza kumpa viuavijasumu vikali kwa mshipa wa mkono, uliopatikana kwa taabu nyingi, kwa maana mwenye chembe nyeupe chache hapaswi kungoja zaidi ya saa moja kabla ya kupata dawa hiyo. Usiku ule shinikizo la damu lilishuka sana, wakambubujishia maji. Kesho yake ilithibitishwa kwamba hana Ebola, akahamishiwa Kigali, safari ya yapata kilomita 150 ya milima na kona. Damu iliyotoka katika poti ndiyo iliyootesha bakteria kwanza, na ile ya mkononi ikafuata saa kadhaa nyuma. Kwa madaktari hiyo ni dalili ya kutosha kwamba wadudu wameweka makao ndani ya poti yenyewe.

Daktari alitueleza kwamba bakteria wakishika ndani ya katheta hujitandia utando mwembamba, na chini ya utando huo dawa hazifiki vema. Kila mara maji yasukumwapo, kundi la wadudu hutolewa na kumwagwa moja kwa moja karibu na moyo, na ndiyo maana mgonjwa hutetemeka muda mfupi baada ya poti kutumiwa. Kuna wadudu ambao kwao madaktari huweza kuiokoa poti kwa kuijaza dawa na kuiacha humo. Lakini aliyempata mdogo wangu ni wa jamii kali ambayo dawa yake ni kuiondoa. Waliiondoa siku ya nne. Alipewa viuavijasumu kwa wiki kadhaa, tiba ya saratani ikachelewa, na mizunguko iliyobaki ikapitia mkononi kwa uvumilivu wa wauguzi ambao siwezi kuwashukuru vya kutosha. Aliimaliza. Leo yu hai, na chini ya mtulinga wa kulia ana kovu la urefu wa kidole gumba.

Katika majuma yale niliketi sana kwenye mabenchi ya wodi ya saratani, nikasikia habari za wengine wenye poti. Nawaandikia niliyofunzwa na madaktari, kwa kuwa maambukizo si hatari ya pekee.

Mkono, shingo au uso wa upande wenye poti ukivimba, ukiuma au mishipa midogo ikianza kujitokeza kifuani, huenda damu imeganda kando ya katheta. Mgonjwa huyo apelekwe mapema, maana ipo dawa ya kuzuia damu kuganda, na mara nyingi poti haina haja ya kutolewa. Poti ikikubali kupokea maji lakini ikakataa kutoa damu, aghalabu utando umeziba ncha ya katheta kama mlango ufungukao upande mmoja. Mtu asisukume kwa nguvu, bali mtaalamu aitazame. Dawa inapopita, mgonjwa akisikia moto au maumivu, au ngozi ikivimba penye sindano, aseme mara moja na dawa isimamishwe, kwa sababu sindano yaweza kuwa imechomoka na dawa kumwagika chini ya ngozi. Asione haya ya kumsumbua muuguzi, kwani hayo ya kunyamaza ndiyo yaletayo vidonda.

Yapo yatokeayo siku ile ile ya kuwekwa, kama sindano kugusa pafu na hewa kuingia kati ya pafu na ubavu. Dalili zake ni kukosa pumzi na maumivu ya kifua. Na lipo moja lisilotokea mara nyingi lakini la kutisha: katheta iliyopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hubanwa kila mkono unapoinuliwa, mwisho wake ikakatika, na kipande kikaenda mpaka moyoni. Dalili yake ni kwamba dawa hupita mkono ukiinuliwa na hugoma ukishushwa. Madaktari wa mishipa huweza kukivuta kipande hicho kwa kitanzi kupitia mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Ndiyo maana mwenye poti hashauriwi kubeba mizigo mizito kwa bega la upande huo. Askari au polisi aliyewekewa poti amweleze mkubwa wake, ili mkanda wa bunduki au wa mkoba mzito uhamie bega la pili. Ndani ya gari, kitambaa laini kiwekwe kati ya mkanda wa kiti na poti, lakini mkanda wenyewe usiachwe.

Poti isiyotumika nayo huhitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, na hospitali nyingine hutumia dawa iitwayo heparini. Kwa desturi ya miaka mingi hufanywa kila wiki 4, na siku hizi hospitali kadhaa hukubali mpaka miezi 3. Mgonjwa afuate alichoambiwa na hospitali yake, na kazi hiyo ifanywe na aliyefunzwa tu, kwa mikono iliyooshwa, glavu zilizotakaswa, barakoa, ngozi iliyofutwa vizuri na kuachwa ikauke, na sindano ya Huber. Poti haikuwekwa kwa ajili ya vitamini za kutia nguvu. Mwuguzi yeyote asiyeijua akisema, "Hiki mimi sijafunzwa," amheshimu mgonjwa kuliko yule ajaribuye.

Sisi tukaao mpakani tuna jambo la ziada. Lango ni la serikali, nalo hufungwa kwa sababu ambazo mgonjwa hana uwezo juu yake. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ililifunga kwa saa chache kwa ajili ya Ebola. Machi 2020 likafungwa kwa ajili ya korona. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka kuja Gisenyi na magodoro kichwani. Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa Petite Barrière, upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa alasiri. Homa haisomi saa za kufunga. Kwa hiyo kila mwenye poti apaswa kujua hospitali ya kukimbilia upande huu na upande ule, na kuwa na namba ya simu ya wodi yake iliyoandikwa karatasini, si katika simu tu. Kadi ya poti, barua ya daktari yenye majina ya dawa na tarehe ya mwisho ya kuzipata, sindano mbili za Huber na kipimajoto vikae katika mfuko mmoja karibu na mlango, ule ule unaobebwa mlima ukinguruma.

Na nyinyi mliopewa dhamana ya malango, mume wangu aliyetumikia jeshi miaka mingi ameniomba niwaandikie hivi: mlinzi mwema si yule anayezuia wote wala anayepitisha wote, bali ni yule anayeuliza na kusikiliza jibu. Mkikutana na mtu mwenye homa, mtengeni kama sheria isemavyo, lakini mwulizeni pia kama anatibiwa saratani na kama ana chombo chochote kifuani. Swali hilo halichukui nusu dakika. Kutengwa na kutibiwa vyaweza kwenda pamoja, maadam mtu mmoja apige simu mapema.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Tuliokaa na wagonjwa wa saratani twajua kwamba wengi hawafichi kwa ukaidi, bali kwa hofu ya kufukuzwa, kutengwa au kuonekana mzigo. Basi tuwaondolee hofu hiyo, sisi wa nyumbani kwanza. Mtu mwenye poti akisema anasikia baridi, tusimwambie ajifunike, wala tusimpe kidonge cha kumnyamazisha. Tumpime joto, tuchukue ule mfuko mlangoni, tuondoke naye saa ile ile.